Kuungoja Wimbo: Jinsi Ngoma za Karagwe na Bendi za Taifa Zilivyomwandaa Msikilizaji

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hukaririwa sana pale mtu anapokitangaza kitu chake kabla hakijaonekana, na vijana wetu watungao nyimbo wameisikia mara nyingi vinywani mwa wazazi wao. Kijana akipita gulioni na kipaza sauti kutangaza kwamba wimbo wake mpya utatoka mwisho wa mwezi, wazee hucheka wakasema kwamba wimbo mzuri hauhitaji mpiga mbiu. Madhumuni ya insha hii ni kuonyesha kwamba wazee hao wanasema kweli kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili wamesahau. Historia ya muziki wa Karagwe, na ya muziki wa Tanzania kwa jumla, yathibitisha kwamba aghalabu wimbo mpya haukutolewa kwa watu wasioandaliwa. Lililo muhimu kuulizwa ni jinsi msikilizaji alivyoandaliwa, na deni alilokuwa nalo kwake yule aliyemwandaa.

Nianze nyumbani, katika Rugu. Miaka ya mwanzo ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, redio kwetu zilikuwa chache na betri zilikuwa adimu zaidi. Mwenye duka mmoja alikuwa na redio ambayo aliifungua jioni tu. Mchana aliziondoa betri akazianika juani ili zipate nguvu kidogo, nasi tuliporudi kutoka shuleni tulizitazama zikiwa zimepangwa juu ya ukuta, tukajua kwamba jioni kutakuwa na muziki. Tulikaa barazani pa duka tukiwa na daftari. Kwa kuwa wimbo wa redio haumngojei mwandishi, tuligawana kazi: mmoja aliandika ubeti wa kwanza, wa pili ubeti wa pili, na mwenye sikio jepesi alikishika kiitikio. Kilichotupita tulikingoja siku nyingine, na pengine wiki nyingine. Hivyo wimbo ulitufikia kwa vipande, na kila kipande kilitutamanisha kilichosalia. Siku tulipoupata wote hatukuwa tena wasikilizaji watupu, maana tulikuwa tumeufanyia kazi.

Hakuna mtu aliyepanga tungoje namna hiyo. Uhaba ndio uliopanga. Lakini nilipokua na kuingia katika utumishi unaoshughulika na mambo ya utamaduni, niligundua kwamba wazee wetu waliotutangulia walikuwa na namna zao za kumngojesha msikilizaji, nao walizitumia kwa makusudi.

Mwezi na Ngoma

Karagwe ilikuwa ufalme kabla ya kuwa wilaya. Makao ya watawala wake wa ukoo wa Wahinda yalikuwa Bweranyange, na ngoma ilikuwa alama kuu ya mamlaka yao. Katika lugha za ukanda huu wa Maziwa Makuu, kushika utawala huitwa kula ngoma. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi, na kwa sababu hiyo ngoma ya mtawala haikupigwa ovyo kama mtu apigavyo debe la kufukuzia ndege shambani. Ilikuwa na siku zake na watu wake.

Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, akakaa hadi Januari 1862. Katika kitabu cha safari zake ameeleza sherehe ya mwezi mwandamo aliyoishuhudia huko. Ngoma nyingi zilipangwa safu chini, wapigaji wakiwa nyuma yake tayari, na wakuu wa nchi wakaja mbele ya mfalme kuonyesha utii wao. Msomaji aangalie mpango uliokuwamo. Hapakuwa na haja ya kumtuma mtu vilimani kutangaza kwamba ngoma italia, kwani mwezi wenyewe ndio uliokuwa mpiga mbiu. Ulipokuwa ukipungua mbinguni, mkulima katika mgomba wake na mchungaji nyuma ya ng'ombe wake waliweza kuhesabu usiku uliosalia. Usiku wa giza ulipofika, masikio yalikuwa yamekwisha kuelekea Bweranyange. Pigo la kwanza lilianguka juu ya watu waliokuwa wakilitazamia kwa siku nyingi.

Hatusemi haya ili kuutukuza utawala wa kurithishana. Kuhudhuria ngomani kulikuwa alama ya utii, na bila shaka wako waliongoja kwa hofu zaidi ya furaha. Serikali ya nchi huru iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na tangu hapo ngoma hizo si chombo cha kutawalia tena. Lakini ujuzi uliokuwamo si mali ya mfalme. Ni ujuzi wa watu wa Karagwe, nao wafundisha jambo moja: ukimya uliopangwa ni sehemu ya muziki. Mahali ambapo ngoma hulia kutwa kucha, hakuna aigeuziaye shingo.

Mpiga Nanga na Wasikilizaji Wake

Mbali na ngoma za ikulu, iko nanga. Msomaji wa pwani asiichanganye na nanga ya chombo. Nanga ya Kagera ni ubao mnene uliochongwa ndani kama hori, wenye nyuzi saba au nane. Na nyuzi hizo kwa hakika ni uzi mmoja, unaopitishwa huku na huku katika meno yaliyochongwa kwenye ncha zote mbili. Zamani uzi huo ulikuwa wa kano za ng'ombe. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, pamoja na majirani zao Wahaya, wameitumia nanga kuimbia visa vya mashujaa, sifa za watu na habari za nchi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, alizichunguza tenzi za nanga kwa miaka mingi, na mwaka 1986 alitoa tasnifu juu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kazi hiyo aliwajibu wataalamu wa ng'ambo waliodai kwamba Afrika haina tenzi za kishujaa.

Mpiga nanga hakuanza kwa kusimulia. Aliketi, akaiweka nanga yake vizuri, akazijaribu nyuzi moja moja. Kisha alipiga peke yake bila maneno, huku watu wakiendelea na mazungumzo na rubisi yao. Halafu alijitaja, akawasalimu waliokuwapo, akamtania huyu na kumsifu yule. Mazungumzo yalipungua yenyewe, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia kama jina lake litatajwa, na kama litatajwa kwa wema. Ndipo kisa kilipoingia.

Mara nyingi wasikilizaji walikijua kisa hicho. Habari za Mugasha, mwenye enzi juu ya maji ya ziwa, hazikuwa ngeni kwa mtu yeyote aliyelelewa katika nchi zile. Walichongoja ni namna ya mpigaji huyu, jioni hii, mbele ya watu hawa: atarefusha wapi, atakata wapi, ataweka fumbo gani jipya. Nao hawakungoja kimya. Waliitikia, wakamhimiza, wakamkatiza kwa sifa, na mpigaji aliyahisi masikio yao kama avuavyo ahisivyo uzi ukivutwa. Palipo na kiu alichelewesha, na palipo na uchovu aliharakisha.

Sisi tunaotunga mashairi tunalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Kina cha mshororo wa kwanza ni ahadi. Msikilizaji akikishika, sikio lake hutangulia mbele kukingojea kina cha mshororo wa pili; na ubeti ukikaribia kituo, wako watakaokitamka pamoja na mghani kabla hajakifikia. Mtunzi asiyeweka kina hamwachi msikilizaji na lolote la kungoja. Mtunzi aliyeahidi kina kisha akakipotosha amevunja neno lake.

Santuri na Kumbi za Dansi

Tukitoka Kagera tukaelekea pwani, twakuta kwamba chombo kilibadilika lakini kanuni ilikuwa ile ile. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Siti alikwisha kuwa mashuhuri kabla ya kupanda meli. Watu wa Ng'ambo walikuwa wakimsikia barazani, na nyimbo nyingi za kundi lake zilihusu mambo waliyoyaona kwa macho yao mtaani. Kwa hiyo sahani zilipofika Unguja, hazikuwakuta watu wageni. Zilipokewa na watu waliotaka kuisikia tena sauti waliyoifahamu.

Miaka thelathini na zaidi baadaye, bendi za dansi za Tanzania zilifuata njia iliyofanana na hiyo. Chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Bendi hiyo baadaye ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na mtindo wake wa Msondo ukajulikana kote nchini. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park, nayo ikaja na mtindo wa Sikinde. Wapenzi wa muziki wa Dar es Salaam wakagawanyika pande mbili kama wagawanyikavyo Simba na Yanga, na wimbo mpya wa upande mmoja uliwafanya watu waulize upande wa pili utajibu nini.

Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na nyimbo nyingi za wakati huo zilihifadhiwa katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam tu. Wimbo mpya ulianza kupigwa ukumbini. Wachezaji waliusikia wiki hii, wakausikia tena wiki ijayo. Wapigaji walitazama ni wapi watu wameinuka vitini na ni wapi wamerudi kuketi, wakarekebisha. Baadaye maneno yake yalipelekwa kukaguliwa, na bendi ikaingia studio. Hapo ndipo wimbo ulipotufikia sisi wa Rugu. Kumbe wakati tulipokuwa tukizitazama betri ukutani, wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha kupikwa jikoni kwa watu wengine, na umetufikia ukiwa umeiva.

Katika miaka ya 1990 ushindani wa namna hii ulihamia katika vikundi vya sanaa. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe walijibizana kwa nyimbo za mipasho. Wimbo wa leo ulikuwa jibu la wimbo wa juzi, na tayari umebeba swali la wimbo wa kesho. Wako waliolaumu lugha iliyotumika, na lawama zao hazikuwa bure. Lakini hata mlaumuji hakutaka kupitwa na jibu.

Wimbo wa Kihaya Katika Masikio ya Taifa

Mkoa wetu wa Kagera umetoa mfano ambao wanafunzi wa leo wanaweza kuuchunguza wenyewe, kwa kuwa wazazi wao waliushuhudia. Mwaka 2001 mwimbaji Saida Karoli alivuma nchi nzima kwa wimbo wa Kihaya uitwao "Maria Salome", ambao wengi waliujua kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Watu wa Mtwara na wa Kigoma waliucheza bila kuyajua maneno yake. Sisi wa Karagwe, ambao Kinyambo chetu ni ndugu wa karibu wa Kihaya, tuliombwa na wageni tuwafasirie, tukajiona wakubwa kwa muda.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo wao "Salome", uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli. Hakuna kampeni ambayo ingeweza kuwaandaa wasikilizaji kama walivyoandaliwa na miaka kumi na mitano ya kuufahamu wimbo wa kwanza. Pigo la mwanzo lilipolia, mama aliyekuwa jikoni alikuwa amekwisha kuimba. Mpiga nanga angelielewa jambo hilo mara moja. Yeye naye alitegemea kisa ambacho watu walikuwa nacho tayari, kisha akawaonyesha kwamba bado kina jambo wasilolijua.

Twajifunza basi kwamba njia kongwe ya kumwandaa mtu apokee kipya ni kukifunga kipya hicho na kitu anachokipenda tangu zamani. Kwa maana hiyo hazina ya nyimbo za taifa ni chanzo cha nyimbo zijazo. Wimbo wa nanga uliopotea bila kurekodiwa ni sauti ambayo mtunzi wa mwaka 2040 hataweza kuitumia kuligusa sikio la mtu.

Deni la Anayetangaza

Leo vijana wa Karagwe hutumia simu. Hutoa kipande cha sekunde chache cha wimbo ambao haujatoka, wakataja siku, wakahesabu siku zilizosalia kama wazee walivyouhesabu mwezi. Sioni aibu katika jambo hilo. Barazani pa duka nami nilipewa vipande. Tofauti ni kwamba sisi vipande vilitupa kazi ya kufanya, ilhali siku hizi mara nyingi msikilizaji hapewi kazi yoyote ila kungoja. Tena vipande ni vingi, kutoka kwa watu wengi, kila siku, bila usiku wa giza katikati.

Miaka michache iliyopita niliona jambo ambalo halijanitoka moyoni. Kundi moja la vijana lilitangaza uzinduzi wa nyimbo zake kwa muda wa wiki tatu. Gari lilizunguka magulio kwa vipaza sauti, na watoto wakaikariri tarehe kuliko walivyokariri masomo. Siku ilipofika watu walijaa, wengine wakiwa wametembea kutoka mbali. Vijana walichelewa sana kupanda jukwaani. Walipopanda, wakafungulia nyimbo zilizorekodiwa, wakawa wanafumbua midomo tu mbele ya kipaza sauti. Tena kati ya nyimbo zilizoahidiwa, moja tu ndiyo iliyokuwa imekamilika. Watu hawakufanya ghasia. Waliondoka kidogo kidogo, kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko zomeo. Vijana hao hawakuwa wavivu wala hawakukosa vipaji. Walikuwa wametumia nguvu zao zote kuijenga siku, wakasahau kuujenga wimbo.

Jioni ile ile, nikirudi, nilipita kwa mzee mmoja apigaye nanga. Nanga yake ilikuwa imetundikwa ukutani na uzi wake umekatika. Nilipomuuliza kwa nini hakuufunga, alinijibu kwamba hana haraka, kwani hakuna anayengoja.

Maneno hayo mawili, la wale vijana waliongojewa wakiwa hawana wimbo, na la mzee mwenye nyimbo asiyengojewa na mtu, kwangu ni msiba mmoja. Tumewatenga wale wanaojua kuita na wale wenye cha kuwaitia watu. Kumngojesha mtu ni kukopa kwake. Umemkopa muda wake, na matumaini yake, na pengine nauli yake. Mfalme alilipa kwa pigo la ngoma, mpiga nanga kwa kisa, na bendi ya dansi kwa wimbo uliokwisha kujaribiwa mbele ya wachezaji. Anayetangaza bila kuandaa amekopa bila nia ya kulipa, na atakayekuja baada yake atakuta mlango umefungwa. Hii ndiyo maana ya methali ya pili ya wahenga, kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Walimu wa shule zetu za sekondari wana nafasi kubwa katika jambo hili. Katika Karagwe na Kyerwa wako bado wazee wajuao nanga. Shule yaweza kuchagua usiku mmoja wa kila muhula, usiku wa mwezi mwandamo ukipenda, wanafunzi wakajua tangu mwanzo wa muhula kwamba usiku huo mzee fulani atakuja. Wiki za kungoja zitumike kwa kazi: darasa la historia lisome habari za Bweranyange, darasa la Kiswahili likusanye methali na vitendawili vya nyumbani, na wale wenye simu wajifunze namna ya kurekodi sauti vizuri. Hata kutafuta uzi mpya wa nanga iwe kazi ya kundi mojawapo. Mzee atakapofika na kuanza kuzijaribu nyuzi zake, atawakuta watu wanaojua kwa nini wamenyamaza. Na mwanafunzi mtunzi atakayekuwa amekaa pale ataona kwa macho yake jinsi mtu mmoja, bila kipaza sauti, anavyoweza kulifanya kundi zima lishike pumzi.

Nami baada ya siku ile nilimpelekea yule mzee uzi. Aliupima kwa vidole, akaupitisha huku na huku katika meno ya ubao wake, akaukaza. Kisha akaiweka nanga kando, akaniuliza nitarudi lini, na nitarudi na watu wangapi.